Kamera ya Mama ni ya Nani?

Ukitaka kujua unavyowaona wazazi wako, jaribu kuwanunulia kitu chenye vitufe. Blanketi halina maswali. Sukari na unga havina maswali. Lakini kifaa kinakulazimisha kuamua mambo: mama atakielewa? Baba atakubali kufundishwa na mtoto aliyemfunza kufunga kamba za viatu? Macho yao bado yanasoma maandishi madogo? Kabla hujatoa hata shilingi moja, ushawapima watu waliokulea, na huenda kipimo hicho hujawahi kumwambia mtu yeyote.

Mwaka jana mama yangu aliomba kamera. Hakuomba simu mpya. Alisema kamera, ile ya kushika mkononi, ya picha tu. Sisi watoto tuko watatu, wawili Nairobi na mmoja Mombasa, na wazazi wako nyumbani Taita, kwenye milima ya Wundanyi. Tulichanga shilingi 12,000, na kazi ya kutafuta ikaniangukia mimi. Ilikuwa kazi ya kulinganisha bei, lakini kila nilipolinganisha nilijikuta narudi kwenye swali moja: unapompa mzazi zawadi, ni nani anayeamua zawadi hiyo ni ya kufanyia nini?

Jibu la kaka yangu lilikuja haraka: nunua simu. Kwa pesa hizo simu inapiga picha, inatuma, ina tochi, ina redio, na bado unaweza kuongea nayo. Ana hoja, na dunia nzima inakubaliana naye. Kwa hesabu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera chenye makao Japani, mwaka 2010 viwanda vilisafirisha kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2020 hazikufika milioni 10. Simu ilizimeza, na zilizomezwa kwanza ni hizi kompakti, ndogo za kuingia mfukoni. Ndiyo maana ukipita Luthuli Avenue leo utaona simu kwenye kila kioo, na kamera ndogo zimesukumwa pembeni, nyingi zikiwa za mtumba. Wanaozitafuta sana siku hizi ni sisi vijana, tunaotaka fleshi kali na rangi za miaka ya 2000 kwa ajili ya Instagram.

Mama hakuwa anatafuta vaibu. Alikuwa na sababu yake, na alipoulizwa aliisema vizuri tu. Simu yake, alisema, ni ya watu wote. Chama kinaitisha michango humo. Sisi tunapiga humo. Watu wa mikopo wanatuma meseji humo. Wajukuu wakija likizo wanacheza gemu humo mpaka chaji inaisha. Alitaka kitu ambacho akikishika, hakuna mtu anayeweza kumwita kupitia kitu hicho.

Nilipoisikia sababu hiyo nilielewa kwamba kumnunulia simu kungekuwa kumpa kitu chenye manufaa mengi na kumnyima alichoomba. Hilo si jambo dogo. Tunawafanyia wazazi hivyo kila siku. Anaomba redio, unampelekea televisheni. Anaomba jembe, unamwambia apumzike. Tunaita heshima, na mara nyingine ni heshima kweli, lakini ukiangalia vizuri utakuta mtoto ameshachukua kiti cha mzazi na sasa ndiye anayejua kinachomfaa mwenzake.

Muuzaji wa kwanza niliyekwenda kwake alinisikia nikisema "ya wazazi", akashusha kamera moja bila kuuliza zaidi. "Hii ni ya wazee," akasema, "hata mtoto anaweza." Nilicheka, lakini sentensi hiyo ilinifuata njiani. Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, aliandika kitabu kizima kuhusu kutoa na kupokea. Mojawapo ya maonyo yake ni kwamba tusimpe mtu zawadi inayomkumbusha udhaifu wake, mfano divai kwa mlevi. Zawadi za namna hiyo zinatukana kwa upole. Ukimpa mama yako kifaa kwa sababu umeamua hawezi kingine, atakijua kisa chake siku ya kwanza, hata ukikifunga kwa karatasi ya maua.

Sasa, kuna ukweli wa mwili ambao hauwezi kukwepwa. Mama yangu anavaa miwani ya kusomea. Vidole vya baba vimefanya kazi ya bandari miaka mingi na havipendi vitufe vya ukubwa wa punje ya mchele. Kuyazingatia hayo si matusi. Tofauti naiona hapa: unaangalia vidole vyake ili afanye anachotaka, au unavitumia kama sababu ya kumpunguzia anachotaka? Mimi nilitafuta skrini inayoonekana juani na kitufe cha kupigia ambacho kidole kinakipata bila kutafuta. Sikutafuta kamera "ya wazee".

Mengine yote ambayo muuzaji alinisifia yalikuwa namba. Megapikseli 20, alisema, kama mtu anayetaja ekari za shamba. Lakini hebu tupige hesabu. Picha ya albamu, ile ya sentimita 10 kwa 15 hivi, ukiichapisha vizuri kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800. Hiyo ni megapikseli mbili na kidogo. Hata ukurasa mzima wa A4 kwa kiwango hicho hauzidi megapikseli 9. Kipande kinachopokea mwanga ndani ya kompakti nyingi za bei nafuu kina upana wa kama milimita 6 tu, hakifikii ukucha wa kidole gumba, na kukirundikia pikseli zaidi hakukiongezei mwanga. Zumu nayo ina ujanja wake. Ile ya lenzi inasogeza vioo na kukuletea mlima karibu kweli. Ile ya kidijitali inakata picha na kuitanua tu. Kwa hiyo ukiambiwa "zumu mara 20", uliza ngapi kati ya hizo ni za lenzi.

Na hapa ndipo neno "nafuu" lilianza kunisumbua. Tulipochanga 12,000, sote tulilitumia neno hilo kwa maana moja: isitukamue sisi. Lakini bei ya dukani ni sehemu ya kwanza tu ya gharama, na hiyo ndiyo sehemu pekee inayolipwa na mtoaji. Zilizobaki analipa mpokeaji. Betri ikifa, ni yeye. Kadi ikijaa, ni yeye. Picha zikitakiwa kwenye karatasi, ni yeye atapanda matatu kutoka Wundanyi mpaka Voi, alipe nauli kwenda na kurudi, kisha alipe kila picha. Chaja ikipotea na haipatikani nje ya Nairobi, ni yeye atakayekupigia simu kwa sauti ya aibu, kana kwamba ameharibu kitu chako.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tunaisema kumsifu mtu mwenye kidogo aliyetoa hicho kidogo. Lakini moyo una kazi nyingine pia, ya kufikiria mzigo unaoambatana na zawadi. Marcel Mauss, mwanazuoni Mfaransa aliyeandika juu ya zawadi mwaka 1925, alionyesha kwamba katika jamii nyingi zawadi huja na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Mzazi wa ushago analijua hilo bila kumsoma Mauss. Ukimletea kitu, atakufungia maembe, ndizi na kuku. Ukimletea kitu kinachohitaji matunzo, ataongeza hofu juu ya maembe. Basi zawadi nafuu kwelikweli ni ile isiyomdai mpokeaji kesho.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua. Kompakti nyingi hutumia betri bapa ya lithiamu, ambayo hudumu vizuri, lakini kila kampuni ina umbo lake, na ikichoka baada ya miaka michache utaitafuta sana. Chache hutumia betri za AA, zile za rimoti na saa ya ukutani, ambazo hata duka la karibu na nyumbani huwa nazo. Nilipata Nikon Coolpix A10 ya mtumba, safi: megapikseli 16, zumu ya lenzi mara tano, betri mbili za AA. Si kamera ya kujivunia. Usiku inahangaika, na mtoto anayekimbia hutoka kama moshi. Pesa iliyobaki ilinunua betri nne za kuchaji pamoja na chaja yake, kwa sababu betri za AA za bei ya chini kabisa kamera huzimaliza haraka sana, na kadi ya gigabaiti 16 inayobeba picha maelfu. Siku stima ikipotea muda mrefu, mama atanunua betri za alkalini dukani na ataendelea. Hatahitaji kunipigia.

Hatahitaji kunipigia. Nilipojisikia nikilisema hilo kwa fahari, nilijua kwamba kuna sehemu yangu isiyolipenda. Hapo tunafika kwenye jambo ambalo katika familia yetu hakuna aliyelisema, na nadhani katika familia nyingi halisemwi.

Mjomba wangu alipofariki, tulitafuta picha yake ya kuweka kwenye kijitabu cha mazishi. Mtu aliyeishi zaidi ya miaka 60, na hatukupata picha hata moja aliyosimama peke yake. Hatimaye ilikatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine. Ukiangalia kijitabu kile, begani kwake kuna vidole vitatu vya mkono usiojulikana ni wa nani. Umewahi kuona vijitabu kama hivyo. Pengine unacho kimoja kwenye droo.

Kwa hiyo dada yangu alipoandika kwenye grupu ya familia, "Mama akipata kamera angalau tutakuwa na picha zao nzuri," sote tuliweka vidole gumba, na sote tulijua alimaanisha picha za lini. Tulikuwa tunajiandaa. Tulitaka mama na baba wajikusanye wenyewe, kwa mkono wao, mapema, ili siku ile isitukute mikono mitupu. Zawadi ya kamera ilikuwa pia bima ya msiba wetu.

Je, ni vibaya? Nimelizungusha sana swali hili. Sidhani kutaka picha ya mama ni dhambi. Anayempenda mtu anaogopa kumpoteza, na woga huo ni sehemu ya upendo. Lakini kuna dhuluma ndogo katika kumkabidhi mtu kifaa ukimwambia "furahia", huku moyoni umempa kazi ya kukuandalia kumbukumbu za kifo chake. Kama unataka picha yake, basi hiyo ni haja yako, na haja yako ni wewe wa kuifanyia kazi. Panda basi. Nenda nyumbani. Mwambie, "Mama, nataka nikupige picha, vaa unavyopenda." Hilo ni ombi, na anaweza kulikataa. Zawadi yenye kazi iliyofichwa ndani haikataliki, kwa sababu anayepewa hajui anaombwa nini.

Nililifanya hilo siku nilipopeleka kamera. Niliomba picha moja. Baba alikataa siku hiyo, akasema hajanyoa. Sikumsukuma.

Baba ana picha moja tu anayoipenda. Ilipigwa Likoni, karibu na feri, enzi za wale wapiga picha waliokuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa. Nyuma yake kuna meli nyeupe inayoelea juu ya maji ya buluu isiyopatikana baharini popote. Yeye mwenyewe alikuwa anapakua meli za kweli Kilindini kila siku, lakini alilipa pesa asimame mbele ya meli ya rangi, amevaa suruali ya kuazima. Nikiitazama naona kwamba aliamua mwenyewe aonekane vipi. Alichagua siku, nguo na meli. Wengi wa kizazi chao walikuwa na picha chache, lakini nyingi kati ya hizo chache walizitaka wao. Sisi tunawapiga picha mia kwa simu wakiwa wanakula, wamesinzia, wanacheka mdomo wazi, kisha tunaziweka kwenye stetasi kabla hawajajua kwamba zipo. Picha zimeongezeka, na wao kuamua kumepungua.

Mama ni tofauti na baba. Kwenye albamu yetu yeye yuko pembeni karibu kila mahali, ameshika mtoto wa mtu, au amekatwa nusu. Alipigwa na wengine, katika sherehe za wengine. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwuliza yeye anaona nini.

Sasa ana kamera miezi kadhaa, na lalamiko kwenye grupu ni moja: hatumi picha. Kamera yenyewe haina intaneti ya kutumia, na hata kadi akiipeleka Voi, hurudi na picha za karatasi tu. Dada yangu ameandika mara mbili kwamba pesa zetu zimekwenda bure. Kaka yangu amependekeza tumnunulie kile kifaa kidogo cha kusomea kadi kwenye simu, ili "atupatie". Nilimwuliza mama kwa simu anapiga picha gani. Akaniambia bila haraka: jiwe la mpaka wa shamba, upande wa juu. Migomba baada ya upepo. Wanachama wenzake, mmoja mmoja, na kila mmoja amepewa ya kwake. Mlango wa jikoni ya zamani kabla hawajaubomoa. Mikono ya shangazi yake akisuka kikapu. Halafu akasema nyingine ni zake.

Nyingine ni zake. Nimeisikia kauli hiyo kama jibu la swali nililoanza nalo dukani. Tuna methali tunayoirudia bila kuisikiliza: tenda wema nenda zako. Huwa tunaielewa kwamba usingoje shukrani. Mimi naona uzito wake uko kwenye "nenda zako". Ondoka. Usisimame mlangoni kuangalia wema wako unatumiwaje. Pesa uliyompa mama anunue dawa, akainunulia kanisa maua, ilikuwa yake tangu ilipotoka mkononi mwako. Kwa sisi tunaotuma kila mwezi, tunaochoka na kuhesabu, hilo ni gumu kumeza. Mimi pia nahesabu. Lakini ukitoa huku umeshikilia kamba, hujatoa. Umeazimisha.

Kuna anayeweza kuniambia kwamba hii ni falsafa ya mtu asiye na hofu. Mama akiondoka kesho, tutabaki na jiwe la mpaka na migomba. Nimelifikiria. John Mbiti, mwanazuoni wetu kutoka Ukambani, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba aliyekufa hajaondoka kabisa maadamu wapo waliomjua na wanaomkumbuka kwa jina. Anapofariki wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama katika Zamani. Kwa maelezo hayo, uso peke yake hautoshi. Uso usio na jina ni wa mtu yeyote, kama vile vidole vitatu begani kwa mjomba. Kumjua mtu kunahitaji kujua alitazama wapi. Picha ya jiwe la mpaka iliyopigwa na mama itaniambia jambo juu yake ambalo picha ya uso wake haiwezi: kwamba alipanda mpaka juu kule na goti lake bovu, kwa sababu kulikuwa na kitu aliona kinafaa kukumbukwa, na si mimi niliyemtuma.

Huenda akanionyesha. Huenda asinionyeshe. Nikienda Desemba nitabeba betri mbili za akiba, kwa sababu zile nne zitakuwa zimeanza kuchoka, na nitaziweka mezani bila kuuliza kadi imejaa kiasi gani. Kama naye ataamua kunifungulia albamu, nitaketi nitazame. Na picha ya baba nitaiomba tena, nikiwa nimempigia simu siku moja kabla, apate muda wa kunyoa.